Moja Zenye Kichwa Kirefu

Mabawa, Tanga
15 Septemba 1957

Mpendwa Asmahani,

Sauti iliyobaki kichwani mwangu ni ya kiti chako. Sikumbuki yule bwana wa elimu alilitamkaje jina lako, wala sikumbuki kama watu walipiga makofi. Nakumbuka kiti kilivyokwaruza sakafu ya saruji uliposimama, mkwaruzo mmoja mrefu, halafu kimya, na mimi nimeketi kando yako na mikono yangu mapajani. Kiti changu hakikusogea. Tangu siku ile kila mtu akivuta kiti ofisini nageuka kutazama nani ameitwa.

Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu nisipoyaandika barua yote itakuwa ya uongo. Sasa nikupongeze. Hongera, Asma. Tulifanya mtihani mmoja, nafasi ilikuwa moja, na aliyeipata ni mwenzangu wa bweni. Watu wananiambia nifurahi kana kwamba nusu yake ni yangu. Najaribu. Siku nyingine naweza mpaka saa ya chai.

Nimepata kazi ya muda bomani, kwenye ofisi ya hesabu ya watu. Karatasi zinaletwa kutoka vijijini zikiwa na majina na maelezo, nami nageuza maelezo kuwa namba: umri, kazi, mahali mtu alikozaliwa. Naziandika pembeni kwa wino. Wanasema karatasi hizo zitapelekwa Nairobi kwenye chuo chenu, na huko namba zangu zitageuzwa matundu kwenye kadi. Niliposikia hivyo niliweka kalamu chini. Kumbe hata kazi yangu inasafiri kuja kwako.

Karani wetu mkuu ni Bwana Idarusi, mtu wa utani usiokwisha. Jana kaniambia, "Ruthi, mwenzio kapanda treni, wewe wapanda ngazi za bomani. Yote ni safari." Nikacheka, maana ni mkubwa wangu.

Jumapili baada ya kanisa nilipita kwenu Ngamiani. Baba yako alikuwa na saa ya mteja mezani, tumbo wazi, magurudumu yote nje. Nilimwamkia, akaitika, kisha akasema bila kuinua macho, "Asma wangu sasa anashika mashine ambazo haziingii mlango huu." Alivyolisema neno "wangu", nilitamani baba yangu angekuwa na sababu ya kulisema hivyo. Bibi yako Mwanasiti akaniuliza, "Na wewe uliyebaki, unakula?" Ndilo jina langu kwenu siku hizi. Aliyebaki.

Niandikie. Usinipunguzie kitu kwa kunihurumia. Niambie mashine zikoje, unaketi wapi, unaketi na nani.

Mwenzako,
Ruthi Methusela


Nairobi
2 Oktoba 1957

Shoga yangu Ruthi,

Wallahi barua yako niliisoma nimejifunika blanketi mpaka puani. Baridi ya huku haina adabu, inaingia chumbani bila hodi. Nikivua viatu miguu inauma, nikivaa viatu inauma vilevile.

Umesema nisikupunguzie, basi shika. Chuo ni cha serikali, kipya, kuta bado zanuka chokaa. Darasani kwetu wamejaa wavulana. Sisi wasichana twaketi mbele ili mwalimu atuone, na wao wakaa nyuma ili watuone. Mashine zenyewe ni za chuma, nzito, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ina vitufe. Unasoma karatasi, unagonga, na kila ukigonga, tundu moja linatobolewa kwenye kadi ngumu. Mahali tundu lilipo ndipo namba ilipo. Mtu mzima, umri wake, kazi yake, kijiji chake, vyote vinakuwa matundu. Kisha kadi zinatiwa kwenye mashine ya kuchambua, zinakimbia, zinaanguka kila moja kwenye kisanduku chake, wavuvi na wavuvi, watoto na watoto, na wewe hukugusa kitu. Siku ya kwanza nilitokwa na machozi. Nilimkumbuka baba akiitikisa saa iliyokufa sikioni mwake, ikaamka.

Lakini ninachokipenda zaidi ni kuhakiki. Kadi ikishatobolewa, mtu wa pili anaichukua pamoja na karatasi ileile, anagonga yote upya kwenye mashine nyingine. Akigonga sawa na mwenzake, kadi inapita. Akigonga tofauti, vitufe vinagoma na taa nyekundu inawaka. Taa haisemi nani kakosea. Inasema tu kwamba nyinyi wawili hamkuona kitu kimoja. Na sharti kubwa ni hili: mtu wa pili haulizi. Humwulizi mwenzio kaona nini, unasoma karatasi kwa macho yako mwenyewe.

Kwa hiyo kila mtu ana mwenzake. Wangu ni Sabiha, Mmombasa, mrefu, mchekeshaji. Anasema Kitanga changu ni wimbo uliokosa ngoma. Leo Sabiha anatoboa nami nahakiki, kesho twabadilishana. Chumba chetu kimoja, siku za wali sahani yetu moja. Sabiha akipiga chafya mimi natafuta leso.

Nina ombi, shoga. Ukipita nyumbani tega sikio kama watu wa Uweso wamekuja kuposa, yule mwenye duka la baiskeli. Kabla sijaondoka mama yake alikuwa akinitazama kama kitambaa anachokipima. Masomo ni miaka miwili, na mimi naitaka yote miwili.

Nisalimie baba. Mbusu bibi mkono.

Wako,
Asmahani Zubeiri


Mabawa, Tanga
20 Oktoba 1957

Mpendwa Asmahani,

Nimeisoma barua yako mpaka naijua. Jina la Sabiha limo mara nyingi kuliko langu. Sikukusudia kulitafuta, macho yalikwenda yenyewe.

Umeniambia kuhakiki kana kwamba ni kitu kilichovumbuliwa Nairobi. Miaka yote ya bweni, aliyerudia kazi yako ni nani? Wewe ulifanya hesabu upande wa dirishani, mimi nikaifanya ileile nikiwa nimekupa mgongo, halafu tukafunua madaftari pamoja. Hatukuwa na taa. Tulipotofautiana nilikukanyaga mguu. Mara nyingi uliyekosea ulikuwa wewe. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa, na sasa nalikumbuka kila ninapotaka kulala, kama jiwe dogo kwenye godoro.

Ofisini, mpiga taipu akianza kugonga nafumba macho kidogo. Namwona huyo Mmombasa ameinamia karatasi uliyokwisha kuisoma wewe, akipita ulipopita. Unajua ni jambo la karibu sana hilo, kupita kila mahali alipopita mwenzako? Au mmeshalizoea hata hamlioni?

Nikupe habari za kwenu. Watu wa Uweso wamekuja. Niliwakuta barazani, mama yake na wanawake wawili, na sahani ya halua imefunikwa kawa. Bibi Mwanasiti alikula, akalamba kidole, akasema, "Halua tamu. Mjukuu wangu hayupo." Lakini baba yako alitoka akawaletea kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye nilimsikia akiwaambia, "Neno mtalipata Januari." Ndilo nililolisikia, mengine sikuambiwa.

Jambo jingine. Bwana Idarusi anasema majina ya sisi tuliofanya mtihani bado yamehifadhiwa. Aliyeitwa akiacha masomo, anaitwa anayefuata. Aliniambia hivyo huku ananitazama. Anayefuata unamjua. Nakuandikia ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine.

Sabiha mpe salamu, kama anajua mimi ni nani.

Ruthi Methusela


Nairobi
8 Novemba 1957

Ruthi,

Naandika haraka, kengele itagonga sasa hivi.

Karatasi za Tanga zimefika. Tulipewa sisi, mimi na Sabiha, vijiji vya Mkwaja na Moa, vyote. Nilipofunua ya kwanza niliujua mwandiko wako kabla sijaona namba ni ngapi. Nikaipeleka puani mbele ya watu, nikidhani itanuka kwetu. Inanuka gundi. Sabiha akasema, "Huyo nani tena, mchumba?"

Tafadhali ziangalie moja zako. Wewe na moja zako za baba yako! Leo sina nafasi ya kueleza. Mimi na Sabiha hatusemeshani, ni mambo ya kazi.

Sasa lililo kubwa. Baba kaniandikia. Anauliza kama chuoni twala na wanaume, kama jioni milango yafungwa, kama navaa buibui nikivuka barabara. Baba hakuwahi kuuliza hivyo. Kuna anayemjaza maneno, nami najua ni halua ya nani. Nikimjibu mwenyewe ataona najitetea. Nenda wewe. Hujawahi kumwambia uongo naye analijua hilo, tangu siku ile ulipomwambia mbele ya wateja kwamba saa yake ya ukutani inachelewa. Mwambie nimalize. Neno moja lako latosha.

Najua ninayemwomba. Ile habari ya anayefuata nimeisoma mara mbili. Ndiyo maana nakuomba wewe.

Asma


Mabawa, Tanga
24 Novemba 1957

Asmahani,

Ijumaa iliyopita asubuhi Bwana Idarusi aliingia na barua kutoka Nairobi, akasimama katikati ya ofisi na kukohoa kama anataka kuhutubia.

"Jamani, kuna msiba," akasema. "Mkwaja hakuna mtoto wa mwaka mmoja. Hata mmoja! Wote wana miaka saba. Wanazaliwa, wanashika vibao, wanakwenda shule. Na Moa vilevile. Ruthi, mama, watoto umewapeleka wapi?"

Walicheka mpaka mpiga taipu akalaza kichwa mezani. Mimi pia nilicheka. Nilisikia sauti yangu ikicheka.

Unajua kwa nini. Hakuna mtu duniani anayejua kama wewe. Baba yangu alifundishwa namba na Wajerumani, misheni kule Usambara, kabla ya vita vya kwanza, naye akanifundisha mimi kwenye vumbi la shamba la mkonge kabla sijaanza shule: moja yenye kichwa kirefu kinachoshuka nyuma, na saba yenye mkato kiunoni. Asiyenijua akiona moja yangu anaona saba. Walimu walinichapa vidole, nikajifunza kuziandika kama wenzangu, lakini nikichoka au nikiwa na haraka mkono unarudi kwa baba. Katika darasa zima wewe peke yako ulizisoma bila kuuliza. Miaka yote hiyo hukukosea hata siku moja.

Basi niambie. Karatasi ya Mkwaja ilikuwa mbele yako. Uliandika "ziangalie moja zako", kwa hiyo uliona. Ulijua ni moja, na kadi zikapita zikiwa na saba. Nimelizungusha jambo hili kila upande nikitafuta mahali ambapo huna hatia, sijapaona. Kuna sababu moja tu inayoingia. Mwandiko mbaya hauitwi Nairobi. Sasa majina yakifunuliwa tena, nani atamwita msichana aliyemaliza watoto wa Mkwaja?

Nimeondolewa kwenye namba. Nafunga karatasi mafungu kwa kamba ya katani, kazi ambayo baba yangu angeweza kuniombea shambani bila mimi kwenda shule.

Kuhusu baba yako: nilikwenda, Ijumaa hiyohiyo, alipotoka msikitini. Aliniuliza juu yako. Uliniomba niende nami nimekwenda. Sina zaidi.

Ruthi Methusela


Nairobi
6 Desemba 1957

Ruthi,

Barua yako na ya baba zimefika siku moja. Ya baba niliifungua kwanza, kwa hiyo yako niliisoma nikiwa tayari nimekaa chini.

Nianze na saba, maana hizo zina jibu. Siku ile aliyetoboa ni Sabiha. Mimi nilihakiki. Karatasi ya kwanza, mtoto wa Mkwaja, nikagonga moja. Taa. Mtoto wa pili, moja. Taa. Mchana kutwa, Ruthi, taa nyekundu, taa nyekundu, mpaka wavulana wa nyuma wakaanza kushangilia kila inapowaka. Mwalimu akaja, akatazama karatasi, akasema mtu yeyote mwenye macho anaona saba. Nikamwambia, "Bwana, ni moja. Naujua mwandiko huu." Akasema, "Kazi yako ni kusoma kilichoandikwa. Hukuja hapa kusoma marafiki." Nikakataa kugonga saba. Akaniondoa kwenye mashine mbele ya darasa, kazi wakaimalizia Sabiha na msichana mwingine, nami nikakatwa alama. Sabiha akasema nimemfanya aonekane mjinga kwa ajili ya mtu asiyemjua. Ndiyo yale mambo ya kazi.

Ile barua iliyosomwa na Idarusi wako, mimi ndiye niliyeomba iandikwe. Nilimfuata mwalimu mpaka mlangoni. Nilisema waulizeni Tanga, mwenye namba zake yupo hai. Nilidhani watakuuliza kwa siri, useme ni moja, na mimi nirudishwe kwenye mashine. Jibu la Tanga lilipofika nilirudishwa. Mwalimu aliniwekea tu karatasi mezani.

Ulitaka niwe na sababu ya kukuharibia. Nikwambie ninayo, lakini sikuitumia. Nilipofunua zile karatasi zako niliona kurasa na kurasa bila kosa lililofutwa. Mimi hapa nimesifiwa miezi mitatu, nikaanza kuamini kwamba wa kwanza ni mimi. Nilipouona mwandiko wako nikakumbuka nani alikuwa wa kwanza. Nilifurahi, na papo hapo nikakuonea wivu. Kisha nikagonga moja, kwa sababu ilikuwa moja.

Sasa ya baba. Amekiandikia chuo kwamba sitaendelea na masomo. Mwisho wa Januari nifungashe. Anasema: "Nilimwuliza Ruthi juu ya maisha yako huko, akainamisha kichwa akanyamaza. Mtoto mwenye adabu akiulizwa juu ya mwenzake akanyamaza, mzazi ameelewa."

Ulinyamaza. Nakuuliza, nawe huwezi kuniambia huna zaidi: ulinyamaza kwa nini?

Asmahani


Mabawa, Tanga
12 Januari 1958

Asma,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niwe na cha kujibu.

Juu ya saba nimekuamini. Nilikuamini kabla sijafika mwisho wa ukurasa, na nikazidi kukasirika, maana nilikuwa nimeshaizoea hasira yangu, nimeipangia mahali pake, na wewe ukaja ukaiondoa. Nimeisoma pale unaposema uligonga moja kwa sababu ilikuwa moja. Ningekuwa mimi, na karatasi ingekuwa yako, sijui ningegonga nini. Hilo ndilo ninalolionea wivu kuliko mashine zote za chuo.

Sasa Ijumaa ile. Baba yako alifunga kisanduku cha saa, akanivutia kigoda, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye macho yangu. Huko aliko Asma, pana heri?" Jibu lilikuwa neno moja. Lilikuwa mdomoni. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimechekwa na ofisi nzima. Nikasikia kiti chako kikikwaruza. Nikakuona na Sabiha mkila sahani moja. Nikaona kwamba nikilitoa lile neno, basi nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Nikatazama chini. Sikusema baya lako hata moja, na kwa sababu hiyo nilitembea kurudi Mabawa nikijiona mtu safi. Lakini nilijua kimya kile atakisomaje. Nimekulia hapahapa, najua wazee wanavyosoma kimya cha msichana.

Baada ya Krismasi ikaja barua ya chuo. Jina linalofuata ni langu, nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Niliisoma nimesimama uani kwa mama mdogo ninakoishi, kuku wananipita miguuni. Nilikuwa nimeingojea barua ile kwa miezi, hata kanisani. Nikaingojea na furaha ije. Barua ilisema: nafasi iliyoachwa na Bi Asmahani Zubeiri. Nikaisoma tena mstari huo mmoja. Ningeketi mahali pako, mbele ya mashine iliyozoea vidole vyako, na huyo Sabiha angeniangalia akitafuta mtu mwingine usoni mwangu. Ningekwenda mpaka Nairobi na huko pia ningekuwa aliyebaki.

Jumatano nilikwenda Ngamiani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kuaga? Nasikia sasa unakwenda wewe."

"Sikuja kuaga, baba. Nimekuja kumalizia jibu. Uliniuliza kama huko pana heri, nikanyamaza. Pana heri. Milango inafungwa, anasoma, anasifiwa. Kimya changu kilikuwa cha wivu. Hakikuwa na habari ya Asma ndani yake."

Akaweka kibano mezani. "Wivu wa nini?"

"Wa kila kitu."

Bibi yako alikuwa kwenye mkeka akichagua mchele, nikadhani hasikii. Akasema, "Zubeiri, wewe kimya chochote ukikikuta chini unakiokota unakitafsiri. Siku tulipokwenda kumposa mkeo alinyamaza, ukarukaruka, kakubali, kakubali. Kumbe jino lilikuwa linamuuma."

"Mama, nimeshawapa watu neno."

"Uliwapa kahawa. Neno uliwaambia Januari. Januari ndiyo hii, wape."

"Na Uweso nimwambie nini?"

"Uweso ana duka zima la baiskeli na bado anakwenda sokoni kwa miguu. Mtu yule hana haraka na kitu."

Nilicheka, nikajuta papo hapo, maana baba yako hakucheka. Alinitazama mimi. Alisema, "Ahsante kwa kusema. Ila usije kuniamkia mpaka nikuite." Nikasema ndiyo baba. Nilitoka kinyumenyume kama mtoto. Hajaniita bado. Najua njia za kwenda bomani zisizopita mlangoni kwenu, nazitumia.

Kwa hiyo usidhani nimegeuka mtu mwema. Nilipokuwa nikisema mbele yake, sehemu yangu moja ilikuwa inalia kwa hasira. Hata sasa, nikikuandikia kwamba utaendelea mpaka mwaka wa pili, mkono umekuwa mzito. Sabiha mtapatana, najua. Mtakula tena sahani moja. Sitaki kuandikiwa habari hiyo.

Jana asubuhi barua mbili zimetiwa posta ya Tanga, zote kwa mkuu wa chuo. Moja ni ya baba yako, anasema binti yake anaendelea na masomo; Bwana Idarusi ndiye aliyemwandikia, akaniambia. Ya pili ni yangu. Nimekataa nafasi. Sikuikataa kwa ajili yako, usinishukuru. Nimeikataa kwa sababu nataka jina langu lisomwe mimi nikiwepo, na kiti kitakachokwaruza sakafu kiwe changu. Katika barua hiyohiyo nimeomba kufanya mtihani wa mwaka huu, na nimeandika kwamba nikiupita naomba kuhakiki kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili aitwaye Asmahani Zubeiri. Sitakuuliza kitu, wala sitakuachia kosa.

Tarehe ya jana, mwaka nikiuandika 58 tu, ina moja tatu: kumi na moja, mwezi wa kwanza. Mkono ulitaka kuziandika kama za wenzangu, nikauzuia. Nimeziandika za baba, zote tatu, vichwa virefu. Mwalimu wenu akisimama na barua yangu mkononi akauliza hii sabini na saba, mwezi wa saba, ni tarehe gani isiyokuwepo duniani, msomee wewe.

Ruthi Methusela